Nani Anambeba Simba? Uchambuzi wa Mchezo wa Jukwaani "The Lion King"

Wako ndugu watakaouliza jarida la nadharia lina shughuli gani na simba wanaoimba. Swali hilo ni halali. Mchezo wenyewe ni mali ya kampuni ya Walt Disney, umetokana na sinema ya katuni ya watoto iliyotolewa Juni 1994, na wengi wanaoutazama ni wazazi wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani waliokwenda kuwafurahisha watoto wao. Lakini mchezo huo ulifunguliwa New York tarehe 13 Novemba 1997, ukaingia London Oktoba 1999, ukafika hadi Johannesburg mwaka 2007, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba mapato yake yamepita dola bilioni 6, kiasi ambacho hadi wakati huo hakuna sinema hata moja iliyokuwa imekifikia. Hakuna kitabu cha Kiswahili kilichopeleka maneno yetu kwenye masikio mengi kiasi hicho. Chombo cha namna hiyo kinafundisha siasa, kipende kisipende, na anayefundisha siasa hana ruhusa ya kukipita kama hakukiona.

Tuliutazama London, katika ukumbi wa Lyceum, pamoja na ndugu mmoja mwenyeji wetu, mtu wa Tanga, ambaye anafanya kazi ya usafi hospitalini na siku ile alibadilishana zamu na mwenzake ili atupeleke. Tiketi alinunua yeye, za ghorofa ya juu kabisa, na alikataa kutuambia bei. Tuliiona baadaye imechapwa kwenye kipande cha tiketi, tukanyamaza. Yatupasa kukiri pia kwamba tulikwenda na hukumu tumekwisha kuiandika. Sinema tulikuwa tumeiona, na darasani tumeitolea mfano mara nyingi: hadithi ya ukabaila iliyopakwa sukari ili watoto waimeze. Tulitarajia kuona sukari ileile imeongezwa taa na ngoma.

Taa zilipozimika mwanamke mmoja alisimama peke yake na kupaaza sauti kwa Kizulu. Akaitikiwa kutoka pembeni, kisha kutoka nyuma, halafu wanyama wakaanza kuingia, wengine kwenye jukwaa na wengine kwa njia iliyo katikati ya viti vya watazamaji. Tembo alipita karibu na mabega ya watu walioketi chini. Alikuwa na watu wanne ndani yake, na kila mtu aliwaona. Twiga walikuwa vijana waliofungwa magongo marefu mikononi na miguuni, wakitembea polepole kwa sababu ukianguka kutoka urefu ule unavunjika. Swala walizungushwa juu ya magurudumu na mtu aliyekuwa akisukuma kifaa chake waziwazi mbele yetu, jasho likimtoka.

Hapo ndipo hukumu yetu ilipopata ufa wa kwanza. Katika sinema ya katuni kazi imefichwa kabisa. Mamia ya wachoraji wameinama mezani kwa miaka, lakini anayetazama humwona simba tu, kana kwamba amejizaa mwenyewe. Mwongozaji wa mchezo wa jukwaani, Julie Taymor, ambaye katika miaka ya 1970 aliishi Indonesia akijifunza na kufanya sanaa ya vinyago na wanasesere, alifanya kinyume chake. Aliamua kwamba kinyago kikae juu ya kichwa cha mwigizaji, uso wa binadamu ubaki wazi chini yake, na fimbo, kamba na mikono inayomwendesha mnyama isifichwe. Kwa hiyo unapomtazama mfalme Mufasa unaona mambo mawili kwa pamoja: simba aliyechongwa, mkubwa na mtulivu, na chini yake mtu anayehema. Mwaka 1998 Taymor alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Tony ya uongozaji wa mchezo wa muziki. Sisi si watu wa kuhesabu tuzo za New York, lakini hii hatuna ugomvi nayo.

Yako mambo mengine ambayo mwanafunzi wa fani hana budi kuyaona. Nyika ya mchezo ule imebebwa vichwani: wanawake na wanaume wanaingia na nyasi juu ya vichwa vyao, wamejipanga safu kwa safu, na wanapotembea nyika inatembea. Aliyewahi kuona akina mama wakirudi na mizigo ya majani ya ng'ombe jioni hahitaji kuelezwa picha hiyo imetoka wapi. Maji ya mbugani ni kitambaa cha buluu kilichotandazwa sakafuni. Ukame unapoingia, kitambaa hicho kinavutwa polepole ndani ya tundu mpaka kinakwisha, na ukumbi mzima unakaa kimya kutazama kitambaa. Mfalme anapouawa, simba jike wanavuta utepe kutoka machoni mwao kuwa ndiyo machozi. Jambo la namna hiyo kikundi chochote cha sanaa cha wilaya kinaweza kulifanya, kwa kanga na kamba. Kampuni tajiri inaonyesha nguvu zake katika milima inayopanda na kushuka kwa mitambo, lakini kilichotushika moyo ni vitu vya bei ndogo.

Basi fani ya mchezo inasema jambo moja kwa uwazi mkubwa: mfalme amebebwa na watu. Tatizo ni kwamba maudhui yanasema jambo jingine.

Hadithi inajulikana, tutaipita upesi. Mfalme anaitawala nchi kwa haki ya damu. Ndugu yake mwenye wivu, Scar, anamuua na kumdanganya mtoto, Simba, kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Mtoto anakimbia, anakulia mbali kwa raha pamoja na Timon na Pumbaa, kisha anarudi akiwa mkubwa, anamshinda mwizi wa kiti, na nchi inastawi tena. Wengi wameona kwamba huo ni mgongo wa "Hamlet" ya Shakespeare, na ni kweli. Lakini Shakespeare, aliyeandika chini ya wafalme, alimaliza tamthilia yake kwa jukwaa lililojaa maiti na mgeni akichukua nchi. Hakuthubutu, au hakutaka, kusema kwamba mrithi akirudi mambo yote hunyooka. Waandishi wa mwaka 1994, raia wa jamhuri iliyozaliwa kwa kumwasi mfalme, ndio waliothubutu.

Tuichunguze sasa nadharia inayofundishwa humo. Mfalme anamweleza mwanawe kwamba simba humla swala, lakini simba naye akifa mwili wake huota nyasi, na swala hula nyasi hizo. Kwa hiyo, anasema, wote ni kitu kimoja katika mzunguko mkubwa. Mwanafunzi asome maelezo hayo mara mbili. Swala analipa leo kwa shingo yake, naye simba atalipa baada ya kufa kwake, kwa majani. Hesabu hiyo tumewahi kuisikia: mwenye shamba na mkulima wake ni familia moja, mwajiri na kibarua wana faida moja. Na onyesho la kwanza la mchezo, lile lile lililotutoa machozi kwa uzuri wake, ni la swala, punda milia na twiga wakija kumpigia magoti mtoto atakayewala.

Halafu kuna ukame. Scar anapokalia kiti mvua inakoma, mito inakauka, na wanyama wa kuwindwa wanahama. Mrithi wa damu anaporudi, mvua inanyesha. Hakuna mahali mchezo unapotuonyesha kwamba malisho yalikwisha kwa sababu ya idadi ya walaji, au kwa mpango mbaya wa matumizi, ingawa maneno machache ya simba jike yanaelekea huko. Jibu linalobaki kichwani mwa mtoto ni kwamba mbingu inaijua nasaba. Huo ndio utawala wa mvua kwa damu ambao wazee wetu katika baadhi ya himaya waliuamini, na ambao baadhi ya watemi walipoteza vyeo vyao kwa ajili yake pale mvua ilipokataa. Tofauti ni kwamba wazee walimwondoa mtemi kwa ukame hata kama damu yake ilikuwa safi.

Tunafika kwa fisi, na hapa tunaomba uvumilivu, maana ndipo kiini cha mambo kilipo.

Fisi wa mchezo huu wana njaa. Hilo halifichwi, wanalisema wenyewe tangu wanapotokea. Wanaishi kwenye makaburi ya tembo, nje ya mpaka, mahali pasipoota kitu, na wakivuka mpaka mfalme huwafukuza. Kosa walilotenda hata wakafungiwa humo halielezwi. Scar, mwana wa ikulu aliyekosa urithi, anawaendea na kuwaahidi nyama, nao wanamfuata. Katika sinema wanapita mbele yake kwa gwaride linalokumbusha Wanazi, na hapo tusiwe wepesi wa kulalamika, kwa sababu historia inashuhudia kwamba ufashisti ulijenga jeshi lake kwa njaa ya watu waliotupwa pembeni na kwa uroho wa wakubwa waliokosa nafasi. Scar ni mfano mzuri wa kada anayetafuta cheo kwa kutumia shida za wanyonge. Akishapata kiti hana mpango wowote wa chakula. Mwisho, akiwa amebanwa, anawatupia fisi lawama zote, wanamsikia, na wanammaliza. Hicho ndicho kitendo pekee cha kitabaka katika hadithi nzima: waliotumiwa wanamtambua aliyewatumia. Na mchezo unakionyesha kama unyama. Kisha fisi wanatoweka. Mvua inanyesha, wanyama wanarudi kupiga magoti, na hakuna anayeuliza kama mpaka ule umebaki palepale.

Jina la kiongozi wa fisi ni Shenzi. Ukumbi wa Lyceum hausikii chochote katika jina hilo. Sisi wawili wa ghorofa ya juu tulilisikia, na tulicheka. Tunaandika hivyo kwa makusudi: tulicheka kwanza, kabla ya kufikiri. Neno hilo wachoraji wa Marekani hawakulitunga. Katika miji ya pwani yetu waungwana waliliita hivyo kila kabila la bara, na mtumwa aliyeletwa kutoka huko aliitwa mshenzi mpaka alipojifunza mavazi, lugha na adabu za mji. Mlowezi wa Kizungu alilikuta tayari, akalichukua, akamwita hivyo mpishi wake na mbwa asiye na mbegu nzuri. Lilipofika katika meza ya waandishi wa sinema lilikuwa limekwisha kunolewa na mabwana wawili. Kwa hiyo hatuwezi kumaliza uchambuzi kwa kunyoosha kidole ng'ambo ya bahari. Hata katika ngano zetu fisi ni mlafi na mpumbavu anayefuata njia mbili mpaka apasuke. Ila ngano zetu zina jambo ambalo mchezo huu hauna. Ndani yake simba ni mkubwa anayeogopwa na wote, na anayemshinda ni sungura.

Ukweli wa porini nao tuuseme, kwa kuwa mchezo huu umewafundisha watoto wengi elimu ya wanyama. Mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi usiku kwa usiku katika Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972. Alionyesha kwamba fisi madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba katika bonde la Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akifika baadaye na kuwanyang'anya. Watalii waliofika asubuhi walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa kando wakingoja, wakaandika katika shajara zao kwamba fisi anamvizia simba. Tungependa kila mkufunzi anayefundisha somo la unyonyaji auchukue mfano huo, kwa sababu ni wa kwetu na hauhitaji kuongezwa chumvi.

Kuhusu lugha, ndugu wengi wana hasira, na baadhi ya hasira hiyo haijapimwa. Majina ya Kiswahili yako tele: Simba, Rafiki, Sarabi ambalo ni mazigazi, Pumbaa ambalo linajieleza. Msemo wa "hakuna matata" ulikwisha kuimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982, katika wimbo uliotengenezwa kwa masikio ya watalii wa mahoteli ya pwani. Mzaramo au Mnyamwezi akiwa na shida zake hasemi hivyo. Mwaka 1994 Disney iliomba msemo huo usajiliwe Marekani kuwa alama ya biashara, na usajili ulipatikana mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 zaidi ya watu laki moja walitia saini wakipinga. Usajili huo unahusu kuuza nguo zenye maneno hayo, haumzuii mtu kuyatamka. Lakini tuulize: fundi wa fulana wa Kariakoo akitaka kupeleka fulana zake Marekani na maneno ya lugha yake kifuani, nani atakayemwuliza kibali? Na liko jambo la kuchekesha zaidi. Katika hadithi yenyewe msemo huo ni kosa la Simba. Ni falsafa ya mtu anayekula wadudu kwenye kivuli wakati mama yake ana njaa, na Nala anapomkuta anamwaibisha kwa ajili hiyo. Hadithi inaukana, duka la ukumbini linauuza.

Wizi uliothibitika uko mahali pengine. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gallo huko Johannesburg, alirekodi na kikundi chake wimbo "Mbube", yaani simba. Haki zake zilichukuliwa kwa shilingi chache. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina mara mbili, ukawatajirisha wengi, na Linda akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Katika sinema ya 1994 Timon na Pumbaa wanauimba wakitembea msituni. Mwaka 2004 warithi wa Linda walifungua mashtaka dhidi ya Disney, na mwaka 2006 shauri lilimalizwa kwa mapatano yaliyowapa mabinti zake malipo. Miaka 67, na ilihitaji mahakama.

Baada ya onyesho tulitembea na mwenyeji wetu hadi kituo cha basi, na tulimweleza mengi kati ya haya. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umemtazama mfalme. Mimi sikumtazama. Mimi nimewatazama wale waimbaji." Tulimwuliza alimaanisha nini. Akasema kwamba sehemu ya pili ilipoanza, kundi zima likiimba Kizulu bila mnyama wala mfalme jukwaani, alisahau kama yuko London. Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuona watu weusi wengi kiasi kile wamesimama pamoja mbele ya watu waliolipa kuwasikiliza, katika lugha ambayo hakuna aliyewatafsiria wenye viti.

Hatukuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba muziki ule una historia yake. Lebo M, aliyeongoza kwaya za sinema na kuandika sehemu kubwa ya nyimbo za Kiafrika za jukwaani, ni mtoto wa Soweto aliyeondoka nchini mwake akiwa kijana wakati wa makaburu, na sauti yake ndiyo inayofungua sinema iliyotoka miezi miwili tu baada ya uchaguzi wa Afrika Kusini wa tarehe 27 Aprili 1994. Waimbaji wa Afrika Kusini wamepata ajira katika mchezo huu kwa miaka mingi, katika nchi nyingi. Taymor alimfanya Rafiki kuwa mwanamke, mganga, na akampa wimbo wa kumlilia aliyekufa. Hayo yote yamo. Tulimjibu mwenyeji wetu kwamba kwaya ile imekodiwa kumsindikiza mfalme kitini. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Na mimi nimekodiwa kufagia. Lakini nikiimba wodini usiku, wimbo si wa hospitali."

Basi lake lilikuja, akapanda, akatupungia mkono. Tuliporudi chuoni tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili hoja zetu na jibu lake, bila kuwaambia sisi tunaegemea wapi. Darasa liligawanyika, na saa mbili hazikutosha. Mwanafunzi mmoja kutoka Karatu, ambaye nyumbani kwao wanafunga zizi kila jioni kwa ajili ya fisi, alisema hataki kusikia habari za fisi kuonewa na Wamarekani mpaka mtu amlipe mbuzi wake. Darasa lilicheka sana. Yeye hakucheka, na alipoulizwa mbuzi walikuwa wangapi, alitaja idadi na mwaka.